Rangi ya Mlango wa Lukasi

Nilitoka Mbeya kwenda Iringa kutafuta rangi. Watu wa kwetu Rungwe wakisikia hivyo hucheka, maana rangi huuzwa dukani na maduka yapo Mbeya. Wengine wamezusha kwamba nilifuata mwanamke, wengine kwamba nilifukuzwa kazi. Kwa mdomo nimeshindwa kuwaeleza, kwa kuwa nikisimama mbele ya watu wawili tu maneno hunikauka. Basi nimeandika safari yenyewe, tangu kuondoka hadi kurudi, polepole, kwa Kiswahili nilichofundishwa mpaka darasa la nne.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika gereji ya Bwana Kanji, karibu na soko la Mbeya. Kazi yangu ilikuwa msasa. Gari likiletwa kupakwa rangi, mimi nalisugua kwa msasa na maji tangu asubuhi, mpaka vidole vinajikunja kama vya mtu aliyekaa mtoni kutwa. Bomba la kupulizia rangi lilishikwa na Fundi Saidi. Katika gereji ile anayeshika bomba ndiye fundi. Anayeshika msasa huitwa "wewe". Fundi Saidi alinifundisha kuchanganya rangi kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, lakini bomba hakuniachia hata nilisafishe.

Nyuma ya gereji, bandani, lilikaa gari la marehemu baba yake Bwana Kanji. Kuku walikuwa wakitagia juu ya viti vyake. Mzee alilinunua jipya kabla ya vita, wakati familia yao ilipokuwa na duka Iringa. Mwaka ule makopo ya biskuti yalipokuja na picha ya Malkia mpya wa Waingereza, Bwana Kanji aliazimia kulifufua kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Alitaka mama yao aketi ndani yake na kuliona kama lilivyokuwa siku liliposhuka melini. Kwa hiyo alitaka rangi ya kiwandani. Inayofanana hakuitaka, alitaka ile ile.

Tabu ni kwamba hakuna aliyeijua. Gari lilikuwa limepakwa rangi juu ya rangi, wakati wa vita hata ile ya milango ya nyumba, kwa brashi. Fundi Saidi alilikwangua lote, nje na ndani, hata chini ya bawaba, mpaka chuma kikang'aa, bila kubakiza hata kipande cha ukucha cha kutazamia. Bwana Kanji alipogundua, walitukanana mbele ya wateja, na wiki ile ile Fundi Saidi akapanda gari kwenda migodi ya shaba Rodesia. Nikabaki mimi, na gari lisilo na rangi, na bomba limening'inia ukutani.

Bwana Kanji akasema rangi ilikuwa buluu. Mama yake, ambaye sisi vibarua tulimwita Bibi, akasema ilikuwa kijivu. Mtunza stoo, ambaye hakuwahi kuliona gari lile likiwa zima, akaapa kwamba ilikuwa kijani.

Siku hiyo alikuwapo Chaula, dereva wa lori, Mbena wa Makambako, akingojea springi zake zifungwe. Alilizunguka gari mara moja, akasema, "Bwana, mbona mlango wa gari kama hili upo Iringa? Nimeuona Mlandege, umesimamishwa nyuma ya nyumba. Nimeuona nikiwa barabarani. Wanasema ni wa gari la Wahindi waliohama."

 Bwana Kanji akaeleza kwamba magari yalikuja mawili pamoja, rangi moja, hili la baba yake na jingine la ami yake. Lile la ami liliharibika kwa ajali. Zaidi ya hapo hakusema. Akanigeukia.

"Ambwene, wewe unajua kuchanganya. Nenda na Chaula. Ukiniletea rangi yenyewe, bomba lako."

Sijawahi kutaka kitu namna nilivyolitaka bomba lile. Nilijibu, "Ndiyo, Bwana," na hayo ndiyo maneno yote niliyosema siku nzima.

Asubuhi ya kuondoka Mbeya kulikuwa na baridi ya mwezi wa sita, mlima umefunikwa. Nilikuwa nimepanga vikopo vyangu ndani ya kopo kubwa la biskuti, Malkia akitabasamu kwenye kifuniko: nyeupe, nyeusi, buluu, njano, na kahawia kidogo. Nilichukua pia bisibisi, msasa, chupa ya petroli, brashi na vifuniko vya makopo vya kujaribia. Juu ya lori palikuwa na viazi vya Uporoto. Chaula akaniita mbele nikae naye, kwa kuwa utingo wake alipenda kulala juu ya magunia.

Mpaka tunapita Igurusi sikuwa nimesema kitu.

"Wewe ni bubu," Chaula akauliza, "au umelipwa unyamaze?"

"Hapana."

"Loo! Amesema. Utingo, umesikia? Mnyakyusa amesema!" Akagonga paa la lori kwa ngumi. Utingo naye akagonga kutoka juu, bila kujua anaitikia nini.

Baada ya Chimala barabara ilituingiza kwenye tambarare za Usangu, na koti nililokuwa nalishukuru asubuhi likawa adhabu. Vumbi lilipanda mpaka ndani ya meno. Ng'ombe wa Wasangu walivuka barabara kama wenye barabara, na Chaula akawapigia honi na kuwatukana kwa majina ya watu aliokosana nao.

Adhuhuri tulifika Igawa. Pale Chaula alipakia magunia ya mpunga yaliyoletwa kutoka Rujewa, nasi tukala wali na maharage kwa mama mmoja aliyepika kando ya barabara chini ya turubai. Mama yule alikuwa mtu wa maneno.

"Na huyu kijana mwenye kopo la Malkia, anakwenda wapi?"

"Iringa," nikajibu.

"Kufanya nini?"

Nilitafuta namna ya kueleza, nikaikosa. "Kutazama mlango."

Watu waliacha kula. "Mlango! Kwani Mbeya mnaingiaje ndani, kwa dirisha?" Wakacheka, na Chaula akacheka kuliko wote. Mimi niliinama juu ya sahani. Hata hivyo mama yule aliniongezea wali bila kuombwa. Sikujua kwamba hapo Igawa ndipo nitakapocheka kwa mara ya mwisho katika safari ile, na hata hapo nilicheka moyoni tu.

Makambako tulilala kwa ndugu zake Chaula. Upepo wa pale haupumziki. Kesho yake tulipanda na kushuka milima, majani yote yamekauka yamekuwa rangi ya simba, na hewa ikawa kavu na safi. Nilikuwa nikijifanyia kazi moyoni. Kila kitu nilichokiona njiani nilikichanganya: kilima hiki, nyeupe na kahawia na buluu kidogo sana, bati lile, nyeusi na nyeupe na tone la njano. Fundi Saidi alinizoeza hivyo. Nilijiona nimeshika bomba, nimefunga kitambaa puani, na kibarua mwingine ananiletea maji.

Alasiri tulishuka kwenye mto Ruaha Mdogo, na mbele yetu tukauona mji wa Iringa umekaa juu ya kilima chake. Tulipoanza kupanda, kwenye kona moja yenye mawe, Chaula alipunguza mwendo.

"Hapa ndipo lilipotumbukia," akasema.

"Nini?"

"Gari la mlango wako. Breki zilikatika. Tajiri mwenyewe hakuwamo, dereva alikuwa peke yake. Lukasi, jina lake. Walimwokota kule chini kwenye mawe."

"Alikufa?"

Chaula akanitazama. "Kwani Bwana wako hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Ah." Akabadilisha gia, lori likalia. "Mlango ule uko kwa mjane wake."

Tangu pale kopo la biskuti lilianza kunielemea mapajani.

Mlandege tulifika jua likielekea kushuka. Chaula alinishusha, akanionyesha nyumba kwa kidole, akaenda zake mjini kushusha mzigo. Tulikubaliana kuonana kesho yake mchana. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho ukingoni, ya udongo, imeezekwa majani, uwanja umefagiwa vizuri. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi mkekani akipepeta ulezi. Nilipiga hodi, nikamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi?"

"Natoka Mbeya, mama. Nimetumwa na Bwana Kanji. Mtoto wa yule aliyekuwa na duka hapa zamani, mwenye gari..."

Sikumaliza. Ungo ulimtoka mikononi, ulezi ukamwagika. Aliweka mikono kichwani akapiga ukelele, na katika ule ukelele nilisikia jina la Lukasi. Wanawake wakatoka nyumba za jirani wakikimbia. Mzee mmoja mrefu mwenye koti la kijeshi akaja na fimbo, na mama akamwambia huku akilia, "Shemeji, wamekuja! Watu wa gari wamekuja!"

Hapo nilifahamu kilichotokea. Kwetu pia ni hivyo. Aliyekosa maziko akija baadaye, hata kama majani yameota kaburini, msiba hufunguliwa upya kwa ajili yake. Naye hulia, hutoa neno lake la pole, ndipo mambo yanaisha. Wao walikuwa wamelingoja neno hilo. Mama Yustina, ndilo jina la mjane, alidhani mimi ndiye niliyelileta.

Walinikalisha kwenye kigoda. Wanawake walikaa chini wakalia, na mimi nikalia pia, sijui kwa nini. Labda kwa woga. Nilisikia mtu akitumwa kukamata kuku, na kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Nilitaka kusema tangu dakika ya kwanza. Lakini mtu asiyejua kuongea na watu wawili angewakatizaje watu wote wale kilio?

Vilio vilipotulia, yule mzee, Kalinga, ndugu wa marehemu, alisafisha koo.

"Kijana, tumekuona, na tumeona machozi yako. Ndugu yangu alipokufa, wenye gari walifunga duka na kuhama kabla ya matanga kuisha. Tulisema pengine wameingiwa na hofu, watarudi. Mtoto ambaye huyu mama alikuwa naye mgongoni siku ile, leo ana mtoto wake. Basi, wamekumbuka. Ni vizuri. Sasa toa neno ulilotumwa."

Wote wakanitazama. Nikatazama kopo langu.

"Sikutumwa neno," nikasema. "Nimetumwa rangi."

"Sema kwa sauti."

"Nimetumwa kutafuta rangi. Ya gari. Bwana Kanji ana lile jingine, analitengeneza kwa ajili ya arusi. Yalikuwa rangi moja. Ameambiwa mlango uko hapa, nami nimekuja kuitazama rangi yake."

 Mwanamke mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango akacheka, cheko kavu. "Jamani! Kumbe ni rangi! Mtu hakukumbukwa, imekumbukwa rangi yake!"

Mama Yustina alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Kuku alilia nyuma ya nyumba. Bila kugeuka, mama akasema, "Mwachieni kuku."

Nikamsikia kuku anaachiwa. Alipita mbele yetu, mabawa yamemvurugika, akaenda zake. Wanawake nao wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akinipita kana kwamba kigoda hakina mtu.

Usiku ule hata hivyo hawakuninyima chakula wala mahali pa kulala. Mzee Kalinga alinipa ngozi ya ng'ombe nikalale jikoni kwake. Alisema neno moja tu, "Umekula?"

Asubuhi Iringa ilikuwa na ukungu. Nilitoka nje nikamkuta Mama Yustina amesimama uwanjani amejifunga blanketi.

"Njoo uone ulichofuata," akasema.

Nyuma ya nyumba, mbele ya mstari wa minyaa, palikuwa na kaburi lililozungushiwa mawe. Kichwani mwake ulisimama mlango wa gari, mlango wa upande wa dereva, umezikwa ardhini nusu mkono. Nilisimama. Chaula aliuona akiwa barabarani. Kaburi hakuliona.

"Tulianza na msalaba wa mti," mama akasema. "Ukaliwa na mchwa. Tukaweka mwingine, ukaliwa. Shemeji akasema, chuma mchwa hawali. Gari lilipouzwa vyuma chakavu, mlango huu ulikuwa umebaki kule kwenye mawe. Hakuna aliyeutaka."

Jina LUKASI lilikuwa limeandikwa kwa lami, sasa halisomeki vizuri. Rangi ya nje ilikuwa imekufa. Jua na mvua viliigeuza nyeupe chafu, na kutu ilikuwa imekula kingo. Mbao za ndani mchwa walikuwa wamekwisha kuzimaliza zamani. Mtu mwingine angesema hapa hakuna kitu. Lakini Fundi Saidi alinifundisha mahali rangi ya kiwandani hujificha. Bawaba hufungwa baada ya gari kupakwa rangi, na chini ya bamba lake hapafiki jua wala maji.

Nilionyesha kwa kidole. "Mama, naomba nifungue hapa tu. Nitarudisha kama palivyokuwa."

"Ukirudisha, ndiyo. Ukivunja, utaondoka hapa bila kopo lako."

Skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizitia petroli, nikangoja. Bisibisi ikateleza, mlango ukatikisika, na udongo wa kaburi ukapasuka kidogo. Mzee Kalinga, aliyekuwa akitazama kwa mbali, akaja akaninyang'anya bisibisi. "Lete hapa. Utamfukua." Akapiga goti juu ya mawe ya ndugu yake, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akihema, bila kunitazama.

Bamba likatoka. Chini yake palikuwa na kipande cha rangi kipana kama kiberiti.

Nilikifuta kwa petroli. Bwana Kanji alisema kweli kuhusu buluu, Bibi alisema kweli kuhusu kijivu, na yule mtunza stoo mwongo naye alikuwa na ukweli wake, maana kijani ilikuwamo. Ilikuwa kama majivu yaliyotiwa buluu ya kufulia, yakatazamwa kupitia jani. Nzuri mno. Mpya kana kwamba imepakwa jana.

Mama Yustina alisogea. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia bawaba.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hii. Lukasi alikuja na gari siku ya kwanza mpaka hapa mlangoni, akanipigia honi. Nikatoka na unga mikononi. Akaniambia, usiguse, utachafua." Akakigusa kile kipande kwa kidole kimoja.

Ukungu ulipotoka na jua likawa wazi, nilianza kazi. Rangi hailinganishwi kivulini wala kwa taa. Unachanganya kidogo kwenye kifuniko, unatia tone juu ya rangi yenyewe, unangoja likauke, maana rangi mbichi na kavu si moja. Likikauka ukaliona, bado. Unalifuta, unaanza tena. Tone la kwanza lilikuwa jeupe mno, la pili likawa la huzuni, nyeusi imezidi. Nilitia njano kwa ncha ya kijiti, nikatia tena, nikaharibu, nikamwaga. Mzee Kalinga alileta kigoda akakaa. Yule mwanamke mnene wa jana akaja pia, akasimama amekunja mikono.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka lisionekane," nikajibu.

Jua lilipokuwa juu ya kichwa nilitia tone, nikangoja, nikatazama, sikuliona. Niliinama kushoto, nikainama kulia. Yule mwanamke akaja akatazama. "Umetia wapi?" Sikuweza kumwonyesha. Lilikuwa limepotea ndani ya rangi yake.

Nilichanganya kopo zima kwa vipimo vile vile, nikapaka rangi ile kwenye kifuniko kimoja safi cha kubeba, nikaandika pembeni vipimo vyake. Nyingine ilibaki kwenye kopo, si haba. Mama Yustina akaitazama.

"Hiyo iliyobaki utaifanyia nini?"

"Hakuna, mama."

"Basi mpake yeye."

Nikaupiga msasa mlango ule, kazi niliyoijua. Nikaupaka kwa brashi, upande wa nje wote na kingo, taratibu, nikifuata urefu wake ili brashi isiache mistari. Rangi ilitosha kabisa. Mzee Kalinga alirudisha bamba na skrubu zake kwa mkono wake. Mwisho nikachukua nyeusi, nikaandika upya L, U, K, A, S, I. Mimi huandika polepole, na siku ile niliandika polepole kuliko siku zote. Hakuna aliyeniharakisha.

Chaula alipopiga honi barabarani, Mama Yustina alinisindikiza mpaka kwenye lori.

"Sikiliza," akasema. "Kanji namjua. Alikuwa mtoto, akikaa mapajani mwa Lukasi kushika usukani. Mwambie gari likiisha alilete. Sitaki alete kitu. Asimame hapo barabarani, ashuke, anipe pole. Basi. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama."

"Hata wewe usiyesema?"

"Nitasema."

Njiani kurudi nilimweleza Chaula yote, na nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Hakunitania. Mpaka Igawa alikuwa akifikiri. Tulipokuwa tunakunywa chai pale kwa mama wa turubai, akasema, "Sikia, mdogo wangu. Rangi unayo. Mpe rangi, chukua bomba. Hayo ya kaburi yaache Mlandege. Mwanamke yule amengoja miaka yote hii, atazoea kungoja."

"Nilimwahidi."

"Uliahidi. Na kaburi utalitaja kwenye gari la arusi? Wewe una akili?"

 Mama wa chai akauliza, "Vipi, mlango uliuona?" Nikamwambia niliuona.

Mbeya tulifika asubuhi. Bwana Kanji alikuwa gereji, na Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni pa duka. Nilimpa kifuniko. Alikichukua hadi kwenye gari, akakiweka juu ya bonneti tupu, akakitoa nje juani, akakirudisha.  Akampelekea mama yake, akasema naye kwa lugha yao. Bibi alikishika kwa mikono miwili, akakipapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa furaha. Aliniambia kwa Kiswahili, "Mtoto mzuri. Ndiyo yenyewe."

Bwana Kanji akaenda ukutani, akalitoa bomba, akaniwekea mkononi. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na la baridi. Vibarua wenzangu walikuwa wakitazama. Kama ningetaka, siku ingeishia hapo.

Nikasema, "Bwana, Mama Yustina amekutumia neno."

"Nani?"

"Mjane wa Lukasi."

Uso wake ukabadilika. Nikaendelea, kwa kuwa nilijua nikisimama sitaanza tena. Nilimweleza kilio, nikamweleza alivyokumbuka usukani, nikamweleza ombi lake. Na kwa kuwa nilikuwa naeleza yote, nikaeleza mlango unasimama wapi.

Bibi akainua kichwa. "Wapi? Kaburini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Rangi hii umeitoa kaburini?"

Kifuniko kilimtoka mkononi, kikabingirika mpaka kwenye vumbi la barabara. Akafuta mikono kwenye nguo yake, akaifuta tena. Alisema maneno mengi kwa lugha yao, sauti ikipanda, na Bwana Kanji akamjibu kwa upole, kisha kwa sauti ndogo zaidi. Bwana Kanji hakuwa na hasira nami, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinijia, akalichukua bomba mkononi mwangu taratibu kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akalirudisha kwenye msumari wake.

"Gari la arusi, Ambwene," akasema. "Umenielewa?"

Gari lilipakwa rangi ya maziwa. Rangi ilitoka Dar es Salaam, na fundi akatoka Dodoma, mtu mwenye maneno mengi. Mimi nililipiga msasa. Siku moja kabla ya arusi Bwana Kanji alikuja nyuma ya gereji nikiwa peke yangu, akasimama kando ya gari na kushika usukani kupitia dirishani.

"Ni kweli," akasema. "Alinifundisha yeye. Alikuwa akisema, usiukamate kama mwizi, ushike kama mkono wa mtu."

Nilingoja aseme kwamba atakwenda. Alirudi dukani.

Sikufukuzwa, kama wanavyosema. Arusi ilipokwisha niliaga mwenyewe, nikarudi kwetu kulima kahawa, na hapo ndipo nilipo. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo, nacho ni kichungu. Wapo watu wanaotaka mambo ya zamani yarudi yaking'aa, mradi wale waliokufa wasirudi nayo. Na nimejua pia kwamba rangi ya kiwandani ya gari lile ipo mahali pamoja tu, na kwamba nimeipaka mimi.

Chaula bado hupita Iringa na lori lake. Tunapoonana Tukuyu siku ya soko huniambia mlango bado unang'aa, na jina linasomeka kutoka barabarani. Watu wakimwuliza Mama Yustina nani aliyeupaka, hujibu ni fundi wa Mbeya. Naye kila Chaula apitapo humwuliza kama gari limekwisha.

"Unamjibuje?" nilimwuliza.

"Namwambia bado mnapiga msasa."

Sikumwambia aache.